Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Wao hawakuijua tarakilishi, lakini ukimwuliza mama mdogo, anayeuza omena hapa Homa Bay, atakuapia kuwa methali hiyo ilitungwa kwa ajili yake.

Mama mdogo ni karani wa chama cha akina mama 26 wanaoanika na kuuza omena ufuoni. Kila Jumamosi huweka akiba na kukopeshana, na ifikapo Desemba hugawana faida. Hesabu za miaka 3 zilikuwa ndani ya laptopu kuukuu aliyoachiwa na mwanawe. Novemba 2023 laptopu hiyo ikagoma. Ilitoa mlio, tik, tik, tik, kisha ikanyamaza. Kabla ya juma kwisha, minong'ono ilikuwa imetapakaa sokoni: "Karani amekula pesa, sasa anasingizia mashine!" Maskini mama mdogo! Chakula hakikumpita kooni.

Washauri hawakukosekana. Huyu alisema iwashwe tena na tena mpaka ikubali, yule akasema iwekewe Windows upya. Mimi nilimsindikiza mama mdogo kwa fundi mmoja mjini. Fundi aliitega sikio mara moja tu, akaizima.

"Mama, usiiwashe tena," akasema. "Ukiiwasha unaimalizia."

"Kwani imekufa, mwanangu?"

"Ngoja kwanza. Bado inapumua."

Alitueleza kwamba ndani ya diski mna sahani ambazo, katika laptopu nyingi za aina ile, huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani, na nafasi iliyopo kati yao ni ndogo mno kuliko unene wa unywele. Kichwa kikigusa sahani huikwaruza, na kilichokwaruzwa hakirudi. Kuweka Windows upya nako ni hatari, maana huandika mambo mapya juu ya yale ya zamani. Kama kichwa kingekuwa kimevunjika, diski ingebidi ifunguliwe katika chumba maalumu kisicho na vumbi, kwa gharama kubwa.

Basi akaing'oa diski, akaiunganisha kwa waya na tarakilishi yake, akatumia programu ya bure iitwayo ddrescue. Programu hiyo hunakili kwanza sehemu nzima, halafu ndipo hurudia zile mbovu polepole. Kazi ilichukua siku 2. Kisha, akiifanyia kazi ile nakala wala si diski yenyewe, akatumia programu nyingine, PhotoRec. Orodha ya majina ya faili ilikuwa imeharibika, kwa hiyo faili zilirudi bila majina, nambari tupu. Tulikaa na mama mdogo tukizifungua moja moja: picha za harusi, barua za shule, nyimbo za kanisa. Jioni ya siku ya pili alipiga kigelegele. Hesabu za chama hizo!

Hata hivyo, Septemba na Oktoba hazikuonekana. Hapo ndipo akina mama wenyewe walipookoa jahazi. Mmoja alileta daftari lake lililofungwa kwenye karatasi ya nailoni lisilowe, wengine wakaleta simu zenye ujumbe wa M-Pesa. Tuliunganisha kipande kwa kipande mpaka shilingi zikatimia. Desemba waligawana, na waliokuwa wakinong'ona wakaona haya.

Mpenzi msomaji, jambo hili limenifunza kwamba nakala hulinda zaidi ya faili. Hulinda jina la mtu. Daftari likiwa mikononi mwa mmoja, hata akiwa mwaminifu kama malaika, siku likipotea ataitwa mwizi. Sasa chama kile huchapisha hesabu kila mwezi, nakala moja kwa karani, moja kwa mweka hazina, na nyingine kwenye flashi inayokaa kwa mwenyekiti.

Nasi wanachama wa Kiswahili, tunaoandika mashairi na insha kwenye tarakilishi, tusingoje mlio wa tik tik. Laptopu nyingi za sasa hata hazina sahani za kulia. Diski zake huweza kufa kimyakimya. Nakili leo, mahali zaidi ya pamoja. Tahadhari kabla ya hatari.