Safari ya Mambrui

Wahenga walinena kwamba tembea uone. Likizo ya Agosti iliyopita nilitembea na nikaona. Wenzangu wa Kidato cha Tatu wanajua sehemu moja ya safari hiyo, kwa maana niliisimulia darasani hadi wakanibandika jina la "Nyangumi". Sehemu ya pili sijamweleza mtu, hata mama mzazi. Ndiyo sababu nimeshika kalamu leo.

Mjomba wangu ana pikapu kuukuu inayompatia riziki. Siku hiyo alikuwa amepata mzigo wa mabati wa kupeleka Mambrui, mbele ya Malindi. Nilipomsihi anichukue alicheka, akasema, "Haya mpwa wangu, twende. Lakini pesa za hoteli sina. Tutalala garini, na chakula ubebe." Mafuta yalikuwa yamelipwa na mwenye mzigo, kwa hivyo gharama yetu ilikuwa ni tumbo tu. Mama alinijazia mahamri katika beseni, akanipa na shilingi mia tano. Nilijiona tajiri.

Tulitoka Mombasa alfajiri na mapema. Tulipita Mtwapa, tukayaacha mashamba ya mkonge ya Vipingo, hata tukafika Kilifi. Hapo mjomba alinieleza kwamba kabla ya daraja kufunguliwa mwaka wa 1991, magari yalivushwa kwa feri, na dereva angeweza kumaliza usingizi wake kwenye foleni. Baada ya kuupita msitu wa Arabuko-Sokoke tulifika Gede, tukapinda kulia kuelekea Watamu.

Watamu kuna hifadhi ya baharini iliyotengwa mwaka wa 1968, sawa na ile ya Malindi. Watalii huingia kwa mashua zenye kioo chini ili waone samaki na matumbawe. Sisi mifuko ilikuwa imetoboka. "Usijali," akasema mjomba. "Kukaa juu ya mwamba hakuna kiingilio." Basi tuliketi mwambani tukila mahamri na kuitazama bahari. Jua lilitupiga hadi nikaanza kunung'unika moyoni.

Ghafla nikaona kitu cheupe kikiruka juu mbali sana, kule nje ya miamba. "Mjomba, moshi!" nikapiga kelele. "Moshi wapi? Huyo ni nyangumi anapumua." Punde si punde mgongo mweusi uliinuka, ukainama polepole, halafu mkia ukasimama wima kama mlango wa msikiti kabla ya kuzama. Hamri lilinianguka mkononi. Mjomba akanieleza kuwa nyangumi hao hutoka kwenye bahari za baridi za kusini, wakafika kwetu kati ya Julai na Septemba ili wazae na kulea katika maji ya uvuguvugu. Tulingoja zaidi, tukabahatika kuona na pomboo watano wakirukaruka kama watoto waliofungiwa shule.

Hiyo ndiyo hadithi mliyoisikia. Sasa sikilizeni iliyobaki.

Tulishika njia tena, tukapita Malindi na kuvuka mto Sabaki, ambao maji yake ya tope huigeuza bahari ikawa rangi ya chai ya maziwa. Mambrui tulishusha mabati hadi jua likatua. Mjomba alikuwa hoi. Aliendesha gari hadi ufuoni, akalisimamisha chini ya mivinje likitazama bahari, akajilaza nyuma juu ya magunia. Haikupita dakika tano akawa anakoroma.

Mimi usingizi haukuja. Usiku ule haukuwa na mwezi, ungetia kidole machoni usikione. Kisha nikasikia mchakato kwenye mchanga, kwaru kwaru, kama mtu anayenyata. Nilikumbuka hadithi zote za majini nilizowahi kusimuliwa. Nikajipenyeza mbele, nikawasha taa kubwa za gari.

Mchanga ulikuwa unatembea! Vitu vidogo vyeusi, kila kimoja hakitoshi kujaza kiganja, vilikuwa vikija upande wetu kwa wingi. Nikapiga ukemi. Mjomba aliruka kutoka nyuma, akatazama mara moja tu. "Zima taa! Zima hiyo taa, we mtoto!"

Walikuwa watoto wa kasa. Mama yao alikuwa ametaga hapo kama miezi miwili nyuma, mayai mia na zaidi, akayafukia na kurudi zake baharini. Watoto wakianguliwa hutoka usiku, nao hufuata upande wenye mwanga. Ufuoni kusiko na taa, upande huo ni bahari. Usiku ule mwanga mkubwa ulikuwa wangu, basi wakaipa bahari kisogo wakanifuata mimi.

Tulipapasa gizani kuwakusanya. Wengine walikuwa wametumbukia katika alama za magurudumu yetu, wasiweze kupanda. Kaa nao walikuwa wametoka mashimoni kama waliokaribishwa karamu. Mmoja alimvuta kasa mbele ya macho yangu. Nilitia mkono shimoni hadi kwenye kiwiko, nikatoka na mchanga mtupu. Tuliwatia katika beseni la mahamri, tukawashusha penye mchanga wa maji. Nilitaka kuwatupa baharini waokoke upesi, mjomba akanizuia. "Waache watembee wenyewe, waijue pwani yao." Nilihesabu hamsini na wanne.

Kulipopambazuka tuliwakuta wengine wanane karibu na magurudumu na chini ya mivinje. Walikuwa wamekufa, na siafu wameshawafikia. Inakisiwa kwamba kati ya watoto elfu moja wa kasa, huenda ni mmoja tu anayefikia ukubwa wa kutaga. Wale wanane hawakupewa hata nafasi ya kujaribu. Niliwafukia kwa mikono huku machozi yakinidondoka.

Nilingoja mjomba anigombeze. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mimi nilipokuwa rika lako tulikuwa tukifukua mayai yao tukila. Hatukujua. Na gari hapa nimelileta mimi. Wewe pia hukujua, lakini sasa unajua."

Nilipofika nyumbani mama aliuliza nimeona nini. Nikamwambia nyangumi. Shuleni mkaniuliza, nikasema nyangumi. Kila mliponiita jina hilo mlicheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nawaona wale wanane.

Wanachama wenzangu, huhitaji pesa nyingi kuyaona maajabu ya pwani yetu. Mahamri na subira vinatosha. Lakini nyangumi niliyemtazama kwa mbali sikumdhuru. Wale waliokuja miguuni pangu niliwaponza kwa sababu ya woga wangu. Kwa hivyo tembea uone, ndiyo. Ila ukilala ufuoni, liache gari barabarani, na hata ukisikia kwaru kwaru gizani, usiwashe taa.