Nani Ataangalia Mchoro Wako?

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako anasema bado hujaamua: chuo cha sanaa, au kuendelea kujifunza mwenyewe kwa video za simu. Wapo waliopita njia zote mbili hapa hapa kwetu, na habari zao zitakufaa.

Inasemekana wachoraji Elimo Njau na Edward Saidi Tingatinga walizaliwa mwaka mmoja, 1932. Njau, mtu wa Kilimanjaro, alisoma Makerere, akachora picha kubwa za maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, zenye watu na mandhari ya Kiafrika. Tingatinga alitoka Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta kibarua. Chuo cha sanaa hakukijua. Alianza kuchora mnamo 1968, kwa vipande vya mraba vya ubao wa dari na rangi ya kupaka baiskeli. Kwanza rangi ya nyuma hupakwa ubao mzima, ikaachwa ikauke. Kisha chui huchorwa akijaza nafasi yote, mkia umekunjwa ili usitoke nje. Madoa huja mwisho, moja moja, kwa ncha ya brashi.

Lakini usidhani mtindo huo ulikua kwa mtu kujifungia peke yake. Tingatinga aliwaita jamaa zake, wakajifunza kwa kuuangalia mkono wake ukifanya kazi. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, wao ndio walioendelea. Hasara ya kujifunza hivyo nayo ipo, tena kubwa: anayejifunza kwa kunakili huzoea kunakili, na leo maduka ya watalii yamejaa ndege wale wale.

Chuo nacho ni mwalimu. Margaret Trowell alianza kufundisha barazani kwake Kampala, miaka ya 1930, na darasa lake likawa shule ya sanaa ya Makerere. Aliwasimulia wanafunzi jambo kwa maneno, kila mmoja akachora alichokiona akilini. Ndiko alikopitia mchoraji Sam Ntiro kabla ya kwenda kusoma shule ya sanaa ya Slade, London. Alipokuja mwalimu Cecil Todd mwaka 1958, mkazo ukahamia kwenye nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya Ulaya. Jina la shule lile lile, masomo mengine kabisa.

Kwa hiyo usianze na ada wala cheti; anza na nani atakayeuangalia mchoro wako. Mikono uliyomchora bibi yako ina uhai, ila vidole vinatoka vyote urefu mmoja, na video haiwezi kukuambia hivyo. Nenda chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, uombe kukaa darasani siku moja. Tazama kama mwalimu anasimama nyuma ya mwanafunzi na kumwonyesha mstari ulipopotea. Kisha pita kwa wachoraji wa Tingatinga, Oysterbay, uangalie jambo lilo hilo. Daftari lako libebe kote kuwili, na ukurasa wa mikono ndio uwaonyeshe kwanza.

Mjomba wako