Kamuli na Kiti cha Mwenye Nyumba

Msafiri atokaye Bukoba kwenda nchi ya Karagwe hufika kwanza Kyaka, kando ya Mto Kagera, ambako daraja lilibomolewa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Kutoka hapo huelekea magharibi, akipanda vilima hadi Omurushaka, ambako huiacha njia ya Kayanga na kushika ile iendayo Murongo, mpakani na Uganda. Njia hiyo humwingiza katika Wilaya ya Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012, na Kamuli ni mojawapo ya kata zake. Hii ni nchi ya migomba na mibuni. Nyumba zimejificha ndani ya mashamba, na wakati wa mavuno buni hutandazwa uani ili ikauke.

Fedha ya buni ndiyo inunuayo bati na kulipia mahitaji ya shule. Siku hizi hununua pia makochi. Mgeni hapelekwi tena kwenye kigoda kilichochongwa kwa gogo moja. Hupelekwa sebuleni, penye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma.

Katika nyumba moja tuliyokaribishwa, makochi yalikuwa manene na ya kupendeza, zawadi ya mtoto afanyaye kazi Dar es Salaam. Sisi wageni tuliketishwa juu yake. Mama mwenye nyumba, ambaye magoti yake yamekwisha kuchoka, aliketi mkekani karibu na mlango, ameegemea ukuta. Tulidhani ni unyenyekevu wa kimila. Baadaye tulielezwa kwamba kochi lile ni la chini na laini mno. Akizama ndani yake hawezi kuinuka mpaka mjukuu amshike mkono, naye hapendi kushikwa mkono mbele ya wageni. Mtoto wake alipopata habari hizo aliahidi kumpelekea kochi jingine, la umeme, ambalo mtu akibonyeza kitufe mgongo hulala na miguu huinuliwa.

Ahadi hiyo ni ya upendo, lakini hapana budi ipimwe. Hapo Kamuli jamaa walikuwa wamekwisha kugawanyika: wengine waliliona kochi hilo kuwa heshima kwa mzazi, wengine fedha iliyotupwa.

Habari ya kiti na heshima si mpya katika nchi hii. Mzungu John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, Novemba 1861, alimkuta ameketi chini, miguu ameikunja, pamoja na ndugu yake Nnanaji. Speke aliandika kwamba walikuwa watu wenye sura na umbo la kiungwana. Mwaka uliofuata, alipokuwa Buganda, Speke huyo huyo alikataa kuketi chini mbele ya Kabaka Mutesa, akashikilia kukalia kiti chake mwenyewe. Mgeni aliona kwamba bila kiti cheo chake kitapungua. Lakini Rumanyika aliketi chini na ufalme wake haukupungua hata kidogo. Heshima ya mwenye nyumba, basi, haitoki dukani. Kiti ni chombo cha kuupumzisha mwili, na yafaa kichaguliwe kama vichaguliwavyo vyombo vingine, kwa kazi yake.

Je, kazi ya kochi la umeme ni nini? Ndani yake mna mota ndogo inayosukuma vyuma vya mgongo na vya miguu. Kwa mtu aliyevimba miguu, au asiye na nguvu ya kuvuta mkono wa chuma ulio ubavuni mwa makochi ya aina ya zamani, hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini mnunuzi ajue kwamba kuna aina mbili. Ya kwanza humlaza mtu tu. Ya pili huinua kiti chote na kukiinamisha mbele, mpaka aliyeketi akajikuta karibu na kusimama. Mzee asiyeweza kuinuka anaihitaji ya pili. Akiletewa ya kwanza atastarehe vizuri sana, kisha atamwita mjukuu kama zamani.

Halafu kuna umeme wenyewe. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulipata umeme wake kutoka Uganda, na sasa upo mtambo wa megawati 14 huko Kikagati, mkabala wa Murongo, ambao umeme wake hugawanywa kati ya nchi hizi mbili. Hata hivyo umeme hukatika, mjini na shamba. Ukikatika mzee akiwa amelazwa, miguu juu, kochi litabaki vivyo hivyo na yeye atabaki humo. Kwa hiyo lisinunuliwe kochi la umeme lisilo na betri ya akiba, wala lisipelekwe katika nyumba ambayo mzee hushinda peke yake. Lililotoka Marekani huenda limetengenezwa kwa volti 120, hali umeme wetu ni wa volti 230; kibandiko cha kifaa chake cha umeme kisomwe kabla ya kulichomeka.

Mambo mengine ni ya kupima kwa futi kamba. Mlango una upana gani? Mengi ya makochi haya yahitaji nafasi nyuma ili mgongo ulale bila kugonga ukuta, na mbele ili miguu inyooke. Waya usipite mahali watu wapitapo. Watoto wasicheze karibu wakati kochi linapokunjwa, maana vyuma vyake huweza kubana vidole. Kutoka Dar es Salaam hadi Kamuli ni safari ya lori ya zaidi ya kilomita 1,000. Mota ikiharibika, ni nani atakayeitengeneza, na vipuri vitatoka wapi? Muuzaji aulizwe maswali hayo kabla ya kupokea fedha.

Wasomaji wengi hawajui kwamba kiti cha kujilaza hakikuanza na umeme, wala na sponji. Mwaka 1928, katika mji wa Monroe, jimbo la Michigan, Marekani, mabinamu wawili, Edward Knabusch na Edwin Shoemaker, walitengeneza kiti cha barazani cha vipande vya mbao, ambacho mgongo wake ulilala kadiri mtu alivyojiegemeza. Kilikuwa kazi ya mbao. Sponji na mota vilifuata baadaye.

Mafundi seremala hawakosekani Kyerwa, wala mbao. Fundi apewe vipimo vya mwenye kiti. Urefu kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti ndio kimo cha mahali pa kukalia, na kwa mwenye magoti mabovu paongezwe kidogo. Mikono ya kiti iwe imara na ifike mbele, ili mtu aishike na kujisukuma. Sponji iwe ngumu, isiyozama. Mgongo ulale kidogo, na pembeni pawe na kigoda cha kuwekea miguu. Kiti cha namna hiyo hakihitaji waya, na kikivunjika fundi wake yu jirani.

Hatusemi kwamba kochi la umeme ni anasa isiyomfaa mtu wa shamba. Mzazi aliyepooza, au ambaye hata kiti kirefu chenye mikono hakimwezeshi kusimama, anastahili mashine hiyo kama astahilivyo mtu wa mjini, mradi nyumba ina umeme na mtu wa kumwangalia. Tunasema tu kwamba mwenye kiti aulizwe, magoti yake yatazamwe na miguu yake ipimwe, kabla ya fedha kutumwa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa muda mrefu tumenunua makochi kwa ajili ya macho ya mgeni. Safari hii, ndugu msomaji, likinunuliwa kochi, mwenyeji na aponee hapo hapo, juu ya kiti chake mwenyewe, naye aweze kusimama peke yake na kuwasindikiza wageni wake hadi njiani.