Punda Afe, Mzigo Ufike?

Kiswahili hakijamtendea punda haki. Mtu asiye na shukrani tunamwambia kwamba asante ya punda ni mateke. Mwanafunzi mzito wa kuelewa tunamwita punda. Na kazi inapotakiwa kumalizika kwa gharama yoyote, tunasema: punda afe, mzigo ufike. Methali hii ya mwisho nimeisikia shambani, nimeisikia kwenye ujenzi, nimeisikia hata kwenye kikao cha kamati ya harambee parokiani. Kila mara watu hucheka na kuendelea na ajenda.

Mwaka jana wakati wa masika, punda wa bibi yangu alikufa kweli. Tangu hapo methali hiyo hainitoki mdomoni. Nadhani inaficha swali ambalo sisi tunaosoma falsafa tukijiandaa kwa upadre hatuna budi kulitazama: anayetutumikia akitoweka, tumepoteza nini hasa? Tumepoteza kazi yake, au tumempoteza yeye?

Kuna nchi ambako watu hufuga farasi wadogo kwa mapenzi tu. Marekani wapo farasi ambao mabega yao hayafiki hata mita moja kutoka ardhini, na wengine hupelekwa hospitalini kuwafariji wagonjwa. Sisi wa Kilosa hatuna mazoea ya farasi, na sababu kubwa ni ndorobo. Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa kabla msafara haujafika Morogoro. Baadaye katika matope ya mbuga ya Mkata, ambayo leo sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, hata punda wake walikufa. Lakini punda ndiye aliyeendelea kuishi na watu wa huku. Kwa hiyo farasi wetu mdogo ni yeye, na hatumfugi kwa kumtazama.

Wa kwetu aliitwa Simoni. Babu, aliyekuwa katekista wa kigango upande wa Ulaya (Ulaya hii yetu, kwenye njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi), alimnunua nikiwa bado shule ya msingi. Mwenyekiti wa jumuiya alilalamika kwamba mnyama amepewa jina la mtakatifu. Babu akamjibu, "Simoni wa Kirene alibebeshwa msalaba ambao hakuuomba. Na huyu naye hajaomba." Mjadala ukaishia hapo.

Siku za kawaida Simoni alibeba maji, madumu mawili ya lita 20, moja kila ubavu. Wakati wa mavuno alibeba mahindi. Masika ilipoharibu barabara na gari la padre likashindwa kupita, Simoni alibeba sanduku la Misa hadi kigangoni, babu akitangulia na fimbo ambayo sikuwahi kuona akimpigia. Babu alifariki nikiwa kidato cha nne. Kwa Jumapili kadhaa baada ya mazishi, Simoni alifika mwenyewe chini ya mwembe wa kigango na kusimama hapo mpaka watu walipotoka. Sitaki kulikuza jambo hilo kuliko lilivyo. Mnyama hufuata njia aliyoizoea. Lakini bibi alipokuwa akimkuta pale, alikuwa akimwambia, "Haya, twende nyumbani, mzee hayupo," na wakarudi wote wawili.

Kilichomuua Simoni ni pepopunda. Alikanyaga kitu chenye ncha, pengine msumari uliosombwa na maji, na kidonda kikafunga juu huku ndani kukiwa na uchafu. Baada ya siku kadhaa miguu ikakakamaa, mkia ukanyanyuka, taya zikafunga. Jina la ugonjwa huu lina punda ndani yake, na kitabibu lina haki ya kuwa naye: farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa zaidi na sumu ya kijidudu hicho. Sisi tunaujua zaidi kwa sababu ya chanjo wanayopewa mama wajawazito kliniki. Afisa mifugo alipofika alisema wazi kwamba kwa hatua ile hakuna la kufanya zaidi ya kumpunguzia mateso.

Nilikuwa nyumbani kwa ruhusa ya siku chache. Asubuhi tulipomkuta amekufa, nilitaka tuchimbe shimo upesi kabla ya jua kali. Afisa mifugo akatuzuia. Bibi alikuwa na punda wa pili, jike mzee aitwaye Zawadi, na yule mtaalamu akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulisoma popote. Punda huishi wawili wawili, na mmoja akitoweka ghafla, aliyebaki huweza kumtafuta kwa siku nyingi na kuacha kula. Punda akiacha kula, mafuta ya mwilini hufurika kwenye damu na kuharibu ini, na huweza kufa naye. Dawa mojawapo ni kumwacha auone mwili wa mwenzake mpaka atakapoondoka mwenyewe. Basi tukamwacha. Zawadi alimnusa Simoni shingoni, akamsukuma kwa pua mara mbili tatu, akasimama kando yake kwa muda mrefu. Saa tano hivi aliinua kichwa, akaenda kwenye majani. Ndipo tukachimba.

Siku hiyohiyo alikuja mtu kuulizia ngozi. Ngozi ya punda ina soko, kwa sababu huchemshwa na kutengenezwa dawa ya Kichina iitwayo ejiao, na biashara hiyo imemaliza punda wengi Afrika kiasi kwamba Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Bibi hakuwa na habari za Umoja wa Afrika. Alimwambia yule mgeni kwa adabu, "Baba, huyu amemaliza kazi. Mwache apumzike na nguo yake."

Nililia, na sikujificha. Jirani mmoja akaniambia, "Frateri mzima unamlilia punda? Watu hapa wamefiwa na watoto." Maneno hayo yalikuwa na uzito. Kilosa si mahali ambapo mtu anaweza kusahau misiba ya watu. Mto Mkondoa ulipovunja kingo zake kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, maelfu ya watu walipoteza nyumba na wengine waliishi kwenye mahema kwa muda mrefu. Jirani yule alikuwa mmoja wao. Hakuwa ananitukana. Alikuwa ananiuliza kama upendo wangu una mpangilio.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, inalijibu swali hilo pande zote mbili. Wanyama ni viumbe vya Mungu na tunawajibika kuwatendea kwa wema. Ni kinyume cha hadhi ya binadamu kuwatesa bila sababu. Tunaweza kuwapenda. Lakini si haki kuwapa wanyama pendo linalostahili watu peke yao, wala kuwatumia fedha zinazopaswa kwanza kuondoa taabu za binadamu. Kwa hiyo jirani alikuwa na haki ya kuuliza. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaongeza jambo lingine: anayejizoeza huruma kwa wanyama huwa mwepesi zaidi kuwahurumia watu. Kwa mtazamo huo huruma haiko kama debe la maji, kwamba ukimpa punda kata moja, mtoto wa jirani amepungukiwa. Iko kama mguu unaopata nguvu kwa kutembea. Jioni ile bibi alimpelekea jirani yule unga wa mahindi, kwa sababu alijua kwake umekwisha. Aliyekuwa amemlilia punda mchana ndiye aliyekumbuka njaa ya mtu jioni.

Bado lilibaki swali la falsafa. Thoma, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba mmea una nafsi ya kukua, mnyama ana nafsi ya hisi, na binadamu ana nafsi ya akili. Nafsi ya mnyama hutegemea mwili kwa kila tendo lake, hivyo mwili ukifa nayo haibaki. Nimejifunza hilo darasani na naona hoja yake ina nguvu. Lakini Mfransisko Yohane Duns Scotus, aliyefariki mwaka 1308, alitufundisha kutazama jambo lingine: kila kilichopo kina kitu kinachokifanya kuwa hikihiki na si kingine cha aina yake. Kwa Kilatini wanafunzi wake wakakiita haecceitas. Punda wako wengi. Aliyesimama chini ya mwembe baada ya Misa alikuwa mmoja. Kazi ya Simoni inaweza kufanywa na punda mwingine, ila Simoni hawezi kufanywa na punda mwingine. Hapo ndipo methali yetu inapokosea. Inahesabu mzigo na kumsahau anayeubeba.

Na kuhusu kesho ya viumbe, Papa Fransisko katika Laudato si' ya mwaka 2015, namba 243, anathubutu kusema kwamba kila kiumbe, kikiwa kimegeuzwa na kung'arishwa, kitakuwa na nafasi yake katika uzima ujao. Jinsi gani, hasemi. Mimi nami sitamsemea.

Maji hayakungoja nimalize kutafakari. Zawadi alikuwa mzee mno kubeba kila siku, hivyo madumu yakahamia vichwani mwa binamu zangu wawili wa kike. Wakaanza kuchelewa shule. Baada ya mavuno, likizo ilipofika, tukachanga fedha ukoo mzima, na mimi na baba mdogo tukaenda Mikumi kwa mfugaji mmoja Mparakuyo tuliyeelekezwa.

Pale barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa inapokatiza hifadhini, basi lilipunguza mwendo kwa ajili ya punda milia waliokuwa wanavuka. Wanono, manyoya yanang'aa, hakuna hata mmoja mwenye kovu la kamba mgongoni. Baba mdogo akasema, "Hao ndugu zao walikataa kazi." Tulicheka, lakini nilifikiri: punda milia halindwi na mtu akiingiliwa na simba, na punda wetu hulala kando ya nyumba. Kati ya binadamu na punda kuna makubaliano ya kale. Yeye anatoa mgongo, sisi tunatoa ulinzi, majani na matibabu. Upande wake ameutimiza kwa miaka elfu nyingi. Upande wetu ndio wenye mapengo.

Tuliuziwa jike mchanga, mwoga, mwenye alama nyeusi ya msalaba mgongoni kama walivyo punda wengi. Tulimtembeza siku mbili, tukalala njiani kwa ndugu. Alimpiga baba mdogo teke moja la nguvu, ile asante maarufu. Tulipofika, watoto walikuwa wamekwisha kumwita Simoni wa Pili. Bibi akakataa. "Huyu si Simoni. Simoni amekwenda. Mwacheni mtoto wa watu awe yeye mwenyewe." Kwa kuwa ametoka Mikumi, akaitwa Mikumi.

Nilidhani kumkaribisha mpya kungemfunika yule wa zamani. Haikuwa hivyo. Kwa siku tatu Zawadi hakumruhusu Mikumi asogee, alilaza masikio nyuma na kumgeuzia mgongo. Siku ya nne tuliwakuta wamesimama kichwa cha mmoja mgongoni mwa mwingine, wakikunana shingo kwa meno. Zawadi alianza kunenepa tena. Bibi hampeleki Mikumi kwa njia ya mwembe. Anampitisha njia ya bondeni, kwa sababu huko ndiko anakotembea bila hofu. Alipata chanjo ya pepopunda kabla ya kubeba dumu la kwanza. Wasichana wanawahi shule.

Mwaka huu Jumapili ya Matawi nilisoma Injili ya Marko polepole kuliko kawaida. Katika sura ya 11, aya ya 3, Yesu anawaelekeza wanafunzi waseme kwamba Bwana anamhitaji mwanapunda, na kwamba atamrudisha mara. Mara nyingi nilikuwa naruka maneno hayo, nikikimbilia matawi na hosana. Siku chache kabla ya kubeba msalaba wake, Bwana aliazima mnyama wa mtu na akapanga jinsi atakavyorudishwa. Mathayo anasema hata mama yake aliletwa pamoja naye.

Kanisa letu vijijini linabebwa na migongo mingi: makatekista kama babu, akina mama wanaopika siku ya ziara ya askofu, vijana wanaochimba msingi wa kigango. Kesho baadhi yetu tutakuwa mapadre wenye mamlaka ya kupanga mizigo hiyo. Nawaomba wenzangu tujifunze tangu sasa kuhesabu madumu mawili pale ambapo manne yangewezekana, na kumwona anayebeba kabla ya kuangalia kilichobebwa. Na kikaoni mtu akisema punda afe, mzigo ufike, tumjibu kwa upole: mzigo ufike, na punda arudi nyumbani.