Toka Kagugu Hadi Nyungwe: Tulilala Hemani kwa Hiari

Sisi watoto wenu tuliokuja Kigali kutafuta kazi bado tupo, tunahangaika na maisha huku kwenye vilima vya Gasabo. Mwezi huu hatuwaletei habari za kodi ya nyumba wala bei ya viazi. Tunawasimulia safari.

Tulikuwa sita: wanne wa kambini na marafiki wawili, majirani zetu wa hapa Kagugu. Mmoja wao ni fundi magari na ana Land Cruiser kuukuu, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne. Yeye ndiye aliyeleta wazo: kiangazi hiki twende tukalale mlimani Nyungwe, tuonje baridi. Tukachanga pesa za mafuta na kiingilio, tukakodi mahema mawili. Mama mmoja wa huko Mahama alipoambiwa kwa simu alicheka, halafu akanyamaza. "Wanangu, mnatoa pesa mkalale kwenye hema?" Swali hilo tulipanda nalo garini.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Ukitoka Kigali kuelekea kusini unavuka daraja la mto Nyabarongo, maji yake mekundu kwa udongo. Tukapita Muhanga, Ruhango, Nyanza, tukanywa chai Huye. Baada ya mji wa Nyamagabe tukaiona kambi ya Kigeme, nyumba zimepangwa kwenye matuta ya mlima kama ngazi. Ndugu zetu Wakongomani wapo pale tangu mwaka 2012. Tulipiga honi, watoto wakatupungia mkono.

Kitabi ndiko mashamba ya chai yanakofika hadi ukingoni mwa msitu. Hapo fundi akasema tuache lami kidogo, tupite njia ya udongo kati ya chai. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, maana Nyungwe hata kiangazi haikauki kabisa. Gari likateleza, likakaa upande. Wachumaji chai wakaweka vikapu chini, wakaja kusukuma pamoja na sisi, huku fundi akitia gia nzito na kwenda polepole. Likatoka. Tuliwagawia mandazi yetu yote, na sisi wenyewe tukawa wa matope mpaka magotini.

Jioni tukafika Uwinka, ndani ya msitu, juu ya mita 2,400. Jua likizama, pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Wale mliokaa Gihembe kabla haijafungwa mwaka 2021 mnaijua baridi ya mlimani, basi hii ni dada yake. Tulipika viazi na maharage, tukavaa nguo zote tulizobeba.

Wakati wa kulala, mwenzetu mmoja akagoma. Alifika Mahama mwaka 2015, kambi ilipofunguliwa, akiwa mtoto. Anakumbuka upepo uling'oa hema lao usiku na mama yake akashikilia shitingi kwa mikono mpaka asubuhi. "Nyie laleni. Mimi nabaki garini." Hakuna aliyemcheka. Tukampa blanketi moja ya ziada.

Saa tisa usiku tukasikia zipu. Bati la gari lilikuwa limegeuka barafu. Aliingia bila neno, tukasogea, akalala katikati. Kulipokucha alikuwa bado anakoroma.

Asubuhi tukawaona mbega, wengi, wanaruka toka mti hadi mti na mikia yao mirefu. Kiongozi wa hifadhi alituambia kwamba mwaka 2023 UNESCO iliuingiza msitu huu kwenye urithi wa dunia. Lakini kilichotushika zaidi ni maji. Mgongo wa milima hii unagawa mvua. Tone likiangukia magharibi linakwenda Rusizi, kati ya Kongo na Burundi, linaingia Tanganyika, mwisho mto Kongo. Likiangukia mashariki linakwenda Rukarara, kisha Mwogo, kisha Nyabarongo ile tuliyovuka, kisha Akagera. Mwaka 2006 wasafiri walioupanda mto Nile toka baharini walisema mwanzo wake wa mbali kabisa uko humu Nyungwe.

Akagera si ndiyo hiyo inayopita chini ya kambi yetu? Maji mnayojaza kwenye bidoni hapo bombani Mahama yanatolewa mto huo, yanasafishwa. Basi mlima mmoja unapeleka maji nyumbani tulikotoka, na unapeleka mengine huko mlipo. Tulikaa kimya tukiangalia pande zote mbili.

Kwa vijana watakaotaka kwenda, yafuatayo yatawasaidia. Moja, baridi ya hema inatoka chini, kwa hiyo tandikeni blanketi nyingi chini kuliko za juu. Mbili, shikeni kitambulisho. Tatu, msiache takataka, wala msiwape nyani chakula. Nne, kama hamna gari, basi za kwenda Rusizi zinapita katikati ya msitu kwa lami.

Na mama, hili ndilo jibu letu. Kitambaa ni kilekile, kamba ni zilezile. Lakini hema hili tulijua tutalala humo usiku mmoja tu, na siku ya kulikunja tuliichagua wenyewe. Aliyelikunja ni yule aliyegoma kuingia. Alikataa kusaidiwa. Alikung'uta umande, akalikunja taratibu mara nne, akalifunga kamba na kulipakia garini, kisha akauliza kama chai imebaki.