Mbwa Mwenye Nasaba

Mbwa wa mitaani hana bei. Huzaliwa nyuma ya kibanda, hukulia jalalani, na akipenda huhamia kwako bila kukuuliza. Nataka tumtazame yule wa kununuliwa, mwenye nasaba iliyoandikwa, ambaye watu wetu humwita mbwa wa kizungu. Wengi humnunua wakidhani bei yake ni ile aliyoitaja muuzaji.

Mdogo wangu ni muuguzi, tena mjane, anaishi pembezoni mwa Dar es Salaam na watoto wawili. Akiwa zamu ya usiku, watoto hubaki na binti wa kazi. Mwaka 2016 wezi walipong'oa nondo za dirisha watoto wakiwa ndani, hakutaka tena kusikia habari za makufuli. Alitaka German Shepherd, kama wale wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha polisi. Akaniuliza, "Kaka, unaonaje?" Nikamwambia tukae tuhesabu.

Mbegu hii si ya kale sana. Mjerumani Max von Stephanitz aliianzishia chama mwaka 1899, kutokana na mbwa wachunga kondoo wa kwao. Tangu hapo wazazi, mababu na mabibi huandikwa daftarini. Huku kwetu ipo East Africa Kennel Club ya Nairobi inayoandikisha nasaba hizo. Lakini unacholipia hasa si karatasi. Mfugaji makini amekwisha gharimia lishe ya mama, chanjo, na picha za eksirei za nyonga, kwa kuwa mbegu hii huelekea kurithi ugonjwa wa nyonga unaomlemaza mbwa. Anayeuza kwa nusu ya bei huenda amepunguzia hapo. Rahisi ghali, walisema wazee.

Mtoto wa mbwa huachana na mama yake akiwa na wiki 8 hivi. Hapo chanjo za parvo na distempa zimekwisha anza, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hufuata akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Usione hayo ni anasa. Mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio waliodhaniwa kuwa chanzo chake. Mbwa asiyechanjwa ni deni ambalo hulipwa na wengine.

Kisha tumbo. Mbwa wa kilo 30 hula kama gramu 400 za chakula kikavu kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 146; kwa miaka 10, karibu magunia 15 ya kilo mia. Ukimpikia dona na dagaa utapunguza gharama, ila utaongeza mkaa na kazi jikoni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hapokei jembe. Ongeza dawa za minyoo na za kupe, banda, na uzio imara. Uzio nao ni heshima kwa majirani Waislamu, ambao wakiguswa na mate yake huwabidi kujitwaharisha kabla ya swala.

Nilimwambia mdogo wangu kwamba kubweka hakuhitaji hati. Mbwa wa kawaida aliyechanjwa na kulishwa vizuri angemwamsha vilevile. Akajibu kwamba mwizi huogopa anachokiona kabla ya anachokisikia. Akanunua, na akaweka kibubu cha mbwa pembeni ya kile cha shule.

Mwaka wa tatu mbwa alishikwa na homa ya kupe. Fizi zilipauka, mkojo ukawa mwekundu kama chai ya rangi. Kibubu cha mbwa kilitoa nusu ya gharama. Kile cha shule kilikuwa kimejaa sare na madaftari ya Januari. Watoto walikaa kimya wakimtazama mama yao. Hakukigusa. Alimwomba daktari wa mifugo amlipe kidogo kidogo, akakubaliwa, akamaliza deni kwa zamu za ziada za miezi minne. Mbwa alipona.

Nilipomuuliza kama ilistahili, alisema watoto wanalala. Sina la kubishana na jibu hilo. Ila nilihesabu usiku aliokesha kazini kulipa deni lile, nikaona kwamba mlinzi wa nyumba alikuwa amemwondoa mama nyumbani.

Basi, ndugu msomaji, ukitajiwa bei ya mtoto wa mbwa, usiulize kwanza kama unayo fedha hiyo. Uliza utaitoa wapi ile ya mwaka wa tatu.