Vijana wa London na baisikeli isiyopumzika

Msafiri akitoka katika kituo cha treni cha Liverpool Street, upande wa mashariki wa London, akaelekea kaskazini kwa miguu, baada ya robo saa hivi atafika Shoreditch, na akizidi kwenda ataingia Hackney. Zamani mitaa hiyo ilikuwa ya maseremala, ya washona nguo na ya wenye viwanda vidogo vidogo. Leo maghala yao yamegeuzwa nyumba za kunywea kahawa, na kahawa yenyewe huuzwa kwa bei ambayo hatutaitaja hapa, tusije tukawatia huzuni mama wa nyumba. Huko ndiko tulikokwenda kutazama jambo tulilokuwa tumesimuliwa mara nyingi tukakataa kuamini, ya kwamba wako vijana wenye akili timamu na kazi nzuri wanaonunua baisikeli kwa fedha nyingi kwa sababu imepungukiwa.

Imepungukiwa na nini? Haina gia za kubadilisha. Haina bati la kuzuia matope, katika mji ambao mvua huwanyeshea watu miezi yote. Haina kengele, haina mahali pa kufungia mzigo, haina hata stendi ya kusimamia. Na nyingine, lo, hazina breki!

Wasomaji wetu wanajua kwamba juu ya baisikeli ya kawaida mtu akichoka kukanyaga huacha miguu ipumzike, na gurudumu huendelea kuzunguka lenyewe; ndiyo ile sauti ya tiki-tiki-tiki tunayoisikia mtu akiteremka mlima. Baisikeli hii ya Hackney haina tiki-tiki. Kile kigurudumu cha meno kilicho nyuma kimekazwa moja kwa moja juu ya kitovu cha gurudumu, hata gurudumu likizunguka, pedali nazo huzunguka, na miguu haina ruhusa ya kusimama, iwe mlimani, iwe mteremkoni, iwe mwenyewe anataka kujikuna goti. Wenyeji huiita «fiksi». Anayetaka kuisimamisha hana budi kushindana nayo kwa nguvu za mapaja, au kuikaza miguu ghafula mpaka tairi la nyuma liteleze na kulia juu ya lami.

Wala jambo hili si uvumbuzi. Baisikeli nyingi za kwanza zilikuwa hivyo. Ile iliyoitwa Rover, aliyoitengeneza John Kemp Starley mjini Coventry mwaka 1885, yenye magurudumu mawili karibu sawa na mnyororo wa kuendesha lile la nyuma, nayo ilikuwa hivyo. Gurudumu linalopumzika lilienea mwishoni mwa karne ya 19, na watu wakalipokea kwa shangwe, hasa waliokaa penye milima. Basi vijana wetu wamerudi nyuma zaidi ya miaka 100, nao hujiona wamewatangulia watu wote.

Sasa tuwaeleze mavazi, maana bila mavazi baisikeli hii haiendeshwi. Suruali imebana mpaka mtu hujiuliza iliingiaje, na mguu mmoja umekunjwa juu ya kifundo ili mnyororo usiukamate. Kichwani, kikofia kidogo cha kitambaa ambacho ukingo wake umepinduliwa juu, usikinge jua wala mvua. Ndevu za babu katika uso wa mjukuu. Begani, mfuko mkubwa wa tarishi, na ndani yake hamna barua hata moja. Kiunoni, kufuli nene la chuma lililochomekwa katika mkanda kama panga. Kinshasa wako watu wa Sape, na mmoja wao aweza kulala na njaa ili avae koti la Paris. Hawa wa Hackney ni watu wa Sape waliosimamishwa kichwa chini: mshahara ni wa karani mkuu, nguo ni za mchukuzi.

Tuliwatazama hasa kwenye taa za barabarani. Taa ikiwa nyekundu, watu wengine wote husimama na kuweka mguu chini, kama alivyofanya kila mwanadamu tangu baisikeli ilipozaliwa. Mwenye fiksi haweki. Huugeuza usukani pembeni, akabaki juu ya pedali akienda mbele shibri moja na kurudi nyuma shibri moja, akitikisika kama jogoo juu ya kamba, huku uso wake ukionyesha kwamba hajui kama anatazamwa. Asubuhi moja tulimwona mmoja aliyefanya hivyo kwa ustadi mkubwa muda wa dakika nzima. Taa ikawa ya kijani, na bibi mmoja mzee, aliyekuwa nyuma yake juu ya baisikeli ya kike yenye kikapu cha mboga, akampita kimya kimya. Hatukusikia neno. Lakini bibi yule alitabasamu.

Hatukuwa peke yetu katika matembezi haya. Mwenyeji wetu, mzee wa Goma aliyekaa Tottenham miaka mingi pamoja na Wakongo wengine wa mji huo, alikuwa ameomba kutufuata, kwa kuwa katika ujana wake alikuwa mtu wa chukudu. Alikuwa akiteremsha kabichi na viazi kutoka Kibumba mpaka Goma juu ya magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa vipande vya mpira. Tulimpata kijana mmoja karibu na soko la Broadway Market, naye alifurahi kutuonyesha mali yake. Alikuwa mwenye adabu nyingi. Tunasema hivyo kwa kuwa ni kweli. Alituonyesha fremu iliyotoka Japani, yenye muhuri wa herufi NJS, maana yake imekubaliwa kwa mashindano yaitwayo keirini, yaliyoanzishwa mjini Kokura mwaka 1948.

Kisha akatufundisha hesabu. Kila anapoliburuta gurudumu la nyuma, tairi huliwa mahali palipogusa lami. Na kwa kuwa miguu hukazwa daima katika hali ile ile, idadi ya mahali panapoliwa hutegemea meno. Mwenye meno 48 mbele na 16 nyuma, gurudumu lake huzunguka mara 3 kamili kwa kila mzunguko wa pedali. Basi tairi huliwa mahali pamoja tu, na upesi hutoboka. Akiweka meno 49 mbele, mahali pa kuliwa huwa 16, na tairi hudumu. Twakiri kwamba hesabu hii ni safi, na mwalimu wa shule aweza kuitumia darasani.

Mzee wetu alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kisha akauliza kwa upole:

«Na breki, mwanangu, ina meno mangapi?»

Kijana alicheka, akasema breki huharibu umbo la fremu. Mzee akamwambia kwamba chukudu yake, iliyochongwa kwa panga, ilikuwa na kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma, naye alikikanyaga kwa mguu alipotaka kupunguza mwendo. «Njia yetu ilikuwa na watoto waendao shule,» alisema, «na mimi nilikuwa na mzigo mzito kuniliko. Sikujali umbo.» Kijana aliomba aelezwe zaidi chukudu ni nini, na alipoonyeshwa picha akasema ni kitu kizuri mno, na bei yake ni kiasi gani? Tuna hofu kwamba zitaonekana Hackney.

Yapasa tuwe waadilifu. Walioanza kutumia fiksi mijini katika zama zetu hawakuwa watu wa mapambo. Walikuwa matarishi wa London, wa New York na wa San Francisco, waliopeleka hati kutoka ofisi hadi ofisi kutwa nzima, mvua na jua. Baisikeli isiyo na vitu vingi haina vingi vya kuharibika, wala vingi vya kuibiwa, na miguu iliyofungamana na gurudumu huhisi barabara inapoteleza. Wale walikuwa na sababu. Waliowafuata, hasa kati ya mwaka 2005 na 2012 hivi, walichukua mfuko na kofia, na sababu wakaiacha ofisini. Siku hizi mtindo umepoa. Wengi wamehamia baisikeli za njia za changarawe, ambazo nazo huonekana zaidi mbele ya mikahawa kuliko penye changarawe.

Kuna jambo moja ambalo kwa Mkongo ni vigumu kulipita. Vijana hawa wameondoa kila kitu, ila kimoja hakuna aliyethubutu kukiondoa, nacho ni tairi la hewa. Tairi hilo lilitoka Belfast mwaka 1888, kwa John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa daktari wa mifugo, aliyelifikiria kwa ajili ya baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Miaka ya 1890 Ulaya na Amerika zikashikwa na wazimu wa baisikeli, mpira ukatafutwa kama dhahabu, na mpira ulikuwako katika mimea itambaayo ya misitu yetu. Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili ilivitoza vijiji mpira kwa bunduki. Wake za watu waliwekwa rehani mpaka waume walete kiasi kilichotakiwa, na mikono ilikatwa. Taarifa ya Roger Casement, iliyotangazwa mwaka 1904, iliyaeleza mengi ya hayo, na mwaka 1908 mfalme akanyang'anywa dola yake. Hatusemi haya ili kumlaumu kijana wa Hackney, ambaye babu wa babu yake huenda alikuwa mshona viatu maskini. Tunasema tu kwamba baisikeli haijawahi kuwa kitu chepesi kama inavyoonekana ukutani mwa mkahawa.

Kicheko chetu kilipungua tulipofika Old Street, barabara pana ipakanayo na Shoreditch. Hapo, mwezi wa Februari mwaka 2016, mama mmoja wa watoto wawili alikuwa akivuka barabara saa ya mchana. Kijana wa miaka 18 alimjia juu ya fiksi isiyo na breki ya mbele, wakagongana vichwa, na baada ya wiki moja mama yule akafa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1983 ilikuwa wazi: baisikeli sharti iwe na njia mbili za kuisimamisha, na gurudumu lililokazwa huhesabiwa kuwa moja tu, kwa hiyo breki ya mbele ni lazima. Kesi ilipohukumiwa mwaka 2017, kijana aliachiliwa shtaka la kuua bila kukusudia, ila alipatikana na hatia kwa sheria ya mwaka 1861, iliyotungwa katika siku za magari ya farasi, akafungwa miezi 18. Breki ya baisikeli ni kitu cha ukubwa wa kiganja. Mtoto wa shule aweza kuifunga kwa ufunguo mmoja. Tulisimama pale kitambo, magari yakipita, na mzee wetu akavua kofia.

Jumamosi tulivuka mto kwenda kusini, Herne Hill, kwenye uwanja wa mbio za baisikeli uliojengwa mwaka 1891, ambao ulitumika kwa michezo ya Olimpiki ya mwaka 1948. Uwanja ni wa mviringo mrefu, na njia yake imeinuliwa pembeni kama ukingo wa sahani. Hapo tuliwaona watoto wa miaka 9 na 10 juu ya fiksi, nazo hazina breki hata moja, na mwalimu wao asingeruhusu mtu aingie nayo. Sababu ni nyepesi. Wote huenda upande mmoja, hakuna gari, hakuna mama anayevuka, na mmoja akikamata breki ghafula, walio nyuma yake wote watampanda mgongoni. Walipita mbele yetu katika mstari mmoja, gurudumu nyuma ya gurudumu, na sauti yao ilikuwa kama ya upepo katika mianzi. Ulikuwa uzuri wa kweli. Hakuna aliyevaa kikofia.

Mzee wetu hakutulia mpaka akaazimwa moja. Walimpa kofia ngumu, wakamfundisha kuanza kwa kushika ukuta wa chuma ulio pembeni, wakamwonya mara tatu asiache kukanyaga. Mzunguko wa kwanza alikwenda vizuri, na wa pili akatupungia mkono. Katika wa tatu akasahau, akapumzisha miguu kama afanyavyo mtu mzima akifika mteremkoni, na pedali zikamrusha juu ya kiti mpaka tukaona mbingu kati yake na baisikeli. Hakuanguka. Alizunguka tena mara nne, kwa kuwa hakuweza kusimama, na watoto wakimpita kushoto na kulia wakimwamkia kwa heshima. Alipoukamata ukuta hatimaye, alishuka, akaishika baisikeli kwa mikono miwili na kumrudishia mwenyewe, akamwuliza treni ya kwenda Tottenham huondoka saa ngapi.